Kioo Kilichomzika Ken

Wiki jana niliwaacha nikiwa nimefungiwa ndani ya saluni yangu mwenyewe, ufunguo ukiwa kwenye sidiria ya mteja. Najua kuna waliodhani nimeshatoka. Sijatoka.

Kwa aliyelikosa gazeti, au aliyelipata likiwa limeshafungiwa mandazi, mimi ni Kavetsa, msusi. Nilikuwa nasuka kwa Gathoni kule Kawangware mpaka siku aliponifukuza bila kuniambia kosa langu. Nikarudi Kianda ninakoishi, nikakodi kibanda cha mabati kwenye njia ya kwenda Ayany, nikaanza upya na kiti kimoja na draya inayonguruma.

Ndipo akaja Collins, kijana wa suruali ya kubana na maneno laini. Akanitundikia ukutani kioo cha umeme kinachoitwa Malkia. Ukisimama mbele yake, Malkia anakuonyesha ukiwa na nywele za kila mtindo kabla hujaguswa na kitana. Ukitaka picha iingie kwenye simu yako, unaweka namba na kubonyeza Kubali. Haya yote bure.

"Na nyinyi mnakula wapi?" nilimuuliza siku hiyo.

"Madam, sisi furaha yetu ni wanawake wapendeze."

Nikamwamini. Mtu mzima, mke wa mtu, nikamwamini mwanamume aliyeniambia hataki chochote.

Saluni ikajaa. Wengine hata hawakuja kusukwa, walikuja kujitazama. Malkia akimaliza nywele anaweka video: mchungaji anaanguka jukwaani, mama anageuza chapati kwa kiwiko, mbuzi anapanda ngazi. Katikati ya kila video kuna tangazo. Mteja aliyekuja asubuhi kusukwa matuta anatoka jioni shingo imekakamaa, ukimuuliza alikuwa akitazama nini anasema hajui. Nilisuka wanawake ambao hawakujua wanasukwa.

Kisha matangazo yakaanza kuwafuata nyumbani. Yalikuwa yanajua mambo, na mambo yenyewe yalikuwa yamesemwa kwenye kiti changu tu. Hata mimi nilikuwa na langu: kila nikifungua simu naletewa washauri wa ndoa. Nilicheka nikasema hawa wamekosea mtu, kwa sababu ndoa yangu ilikuwa kitu pekee ambacho hakikuhitaji kuchanwa.

Mniwekee hilo akilini. Baada ya Gathoni kunifukuza nilibaki na vitu viwili, jina langu na Ken. Ken Okello, mume wangu, anaendesha boda. Hanywi, hapigi kelele, na jioni anarudi nyumbani. Jumatatu ninayowasimulia niliweka kimoja rehani ili nikomboe kingine, na hata leo sijui kama nilipata chochote.

Jumatatu saluni haina kazi. Ndiyo maana nilipoona wateja wakiingia pamoja, nilifurahi kwanza. Magdaline, ambaye sote tunamwita Mama Billy, akafunga mlango kwa ndani na kutia ufunguo kifuani. Huyu ni kiongozi wa akina mama kanisani na muuza samaki wa kukaanga, na mikono yake imezoea vitu vinavyoteleza. Wakaketi, yeye, Whitney wa duka la simu, na Nafuna, fundi wa nguo ambaye sauti yake huisikii mpaka uzime draya.

"Kavetsa," Magdaline akaanza, "sisi tumekuwa tukikupea vichwa zetu."

"Mmenipea."

"Na maneno."

"Na maneno pia."

"Sasa hiyo maneno wewe unapeleka wapi?"

Msusi akisemekana anavujisha, hata awe na mkono wa malaika, hakuna kichwa kitakachomrudia. Mwanamke akishaketi chini, kichwa katikati ya magoti yako, anasema yale ambayo hajamwambia mama yake. Hakuna anayetuapisha, lakini kazi yenyewe ndiyo kiapo.

"Maneno gani, Mama Billy?"

"Ile nilikuambia."

"Umeniambia mengi."

"Ile ya mwezi uliopita."

"Ya nini?"

Magdaline akamtazama Whitney, akamtazama Nafuna, akafunga mdomo. Hapo kesi ikakwama. Ili kuonyesha kwamba nimetoboa siri yake, ilimbidi kwanza aitoboe yeye.

"Basi wewe, Nafuna," nikasema, maana nilishaanza kupata nguvu. "Mimi nimesema nini yako?"

"Simu yangu inaniletea dawa."

"Dawa ya nini?" Tuliuliza sote, hata mshtakiwa.

"Dawa tu."

"Ya nini, Nafuna?"

"Si yangu. Ni ya mtu mwingine."

Tukajua. Tangu siku hiyo mume wa Nafuna tunamsalimia kwa upole mno, na yeye maskini anadhani tumeokoka.

Whitney hakuwa na subira ya kuzunguka. "Mimi nilikuambia wewe pekee naenda Saudia, sijaambia mathe. Saa hii naletewa masuitcase na ati masomo ya Kiarabu. Mathe ameona jana. Ameniuliza, kwani unaslimu?"

"Whitney, naapa..."

"Usiape hapa," Magdaline akanikata. "Njoo nikuambie kwa masikio, nikuone kama utakataa."

Akanivuta mpaka chini ya Malkia, akaniegemeza ukutani, akaninong'oneza. Siwaambii alichosema. Mimi ni msusi. Akamaliza, akanitazama machoni na kurudi kuketi.

Kabla makalio yake hayajagusa benchi, simu yake ikalia mkononi. Whitney, aliyeketi karibu, hakuomba ruhusa.

"'Mama, usijifiche tena kwa kitambaa,'" akasoma kwa sauti. "'Wigi maalum kwa wenye upara wa mbele.' Aki Mama Billy! Na vile wewe huhubiri kuhusu nywele za bandia!"

Magdaline akashika kilemba chake kwa mikono miwili. Nilitaka kucheka lakini nilikuwa bado mshtakiwa.

"Mmeona mimi nikifungua mdomo?" nikauliza. "Mmeona nikishika simu?"

Polepole, sote wanne, tukainua macho tukamtazama Malkia. Alikuwa akionyesha mbuzi na ngazi.

"Kioo itasikia aje?" Nafuna akanong'ona. "Haina masikio."

"Na hiyo shimo hapo juu ni ya nini?" Whitney akauliza.

"Collins alisema ni ya hewa."

"Dada Kavetsa. Kioo inapumua?"

Kuna maswali mtu anaulizwa ndipo anajua amekuwa mjinga tangu lini.

Whitney akafungua simu yake, akatafuta ile karatasi ya Kubali ambayo hakuna aliyewahi kuisoma. Akaivuta na kuivuta, kidole kikapanda na kushuka mpaka akakibadilisha. "Hapa wamesema wanaweza sikiza. Wanajua mahali unaenda. Na wamechukua majina zote kwa simu, vile umesave. Ati ndio waboreshe huduma."

"Nani alikubali hiyo?" Magdaline akafoka.

"Wewe. Sisi wote."

Lakini Magdaline si mtu wa kushawishika mara moja, hasa akiwa ameaibika. Alisema simu zinaweza kubahatisha, na kwamba yeye hawezi kumwachilia mbea kwa sababu ya shimo la hewa. Alitaka ushahidi. Tuseme mbele ya kioo jambo ambalo halijawahi kusemwa hapo, jambo la uongo, halafu tungoje.

"Sema umenunua ndege," Whitney akanishauri.

"Hata kioo itajua hiyo ni uongo," Magdaline akasema. "Iwe kitu ya nguvu. Msiba."

"Msiba wa nani?"

"Si mzee wangu," Magdaline akasema haraka.

"Wangu amepitia ya kutosha," Nafuna akasema.

Whitney hana mume. Macho yakaja kwangu.

Nafuna peke yake ndiye aliyejaribu kunizuia. "Dada, kifo haisemwi hivyo. Kwetu ukisema mtu amekufa na anatembea, lazima wazee waitwe warudishe hiyo maneno."

Nilimsikia vizuri. Lakini mtu akiwa anataka kusafisha jina lake hasikilizi habari za wazee. Nikafungua kilemba, nikasimama mbele ya Malkia, nikashika kichwa.

"Uuuwi! Ken amekufa! Mume wangu Ken amekufa, mniitie watu! Nitabaki na nani mimi?"

Nawaambia nililia vizuri. Nafuna aliangua kilio cha kweli. Magdaline, kwa mazoea, akaanzisha wimbo wa kanisa na kufika ubeti wa pili kabla ya kukumbuka kwamba hakuna maiti.

Tukangoja. Malkia akazima mbuzi. Simu ya Magdaline ikalia.

"Majeneza," akasema. "Iko na dirisha."

Ya Whitney ikaleta mahema, viti na spika za matanga. Ya Nafuna ikaleta gari la kusafirisha mwili hadi Siaya, na nafasi za waombolezaji nyuma. Siaya! Ndiko kwao Ken, na sikuwa nimetaja Siaya. Yangu ikaja mwisho na ilikuwa na maua pembeni.

"'Pole kwa kumpoteza Ken Wangu,'" nikasoma. "'Mpe Ken Wangu safari ya heshima.'"

"Kwani pia ni Ken wa kioo?" Magdaline akauliza.

"Inachukua vile umesave," Whitney akaeleza. "Wewe umemsave aje, Mama Billy?"

Magdaline akatazama. "'Pole kwa kumpoteza Ken Boda Mpole.'"

"Yangu imesema Ken Helmeti. Ona," Whitney akasema.

Basi nikashinda kesi. Magdaline alinikumbatia mpaka nikanusa samaki wa wiki nzima. Akatoa ufunguo, akafungua mlango, akaniomba msamaha, nami nikamwambia arudie kwa sauti kidogo. Tukacheka, tukamtukana Malkia na ukoo wake. Nilikuwa na raha kubwa. Mume wangu alikuwa ametangazwa marehemu na mimi nilikuwa nacheza kwa mabega.

Raha hiyo ilikatwa na simu kutoka ushago, huko huko Siaya. Mama mkwe.

Nyuma yake nilisikia nduru. Si ya mtu mmoja, ni ya boma zima.

"Nyar Maragoli!" Hivyo ndivyo anavyoniita, binti wa Kimaragoli, siku akinipenda na siku akinichukia. "Mtoto wangu amekufa na mimi naambiwa na simu?"

"Mama, Ken hajakufa! Ken yuko mzima kabisa!"

"Sasa hii ni nini nimesomewa? 'Pole Mama Mkwe Usishike kwa kumpoteza Ken Wangu.'"

Dunia ikasimama. Ndiyo, msomaji, hivyo ndivyo nilivyokuwa nimemhifadhi. Mama hupiga simu wakati wa kazi, hupiga kwa muda mrefu, na mimi nikajiandikia jina la kunikumbusha.

"Na huyu Mama Mkwe Usishike ni nani?" akauliza.

"Ni simu imeharibika, Mama."

"Mpe Ken simu niongee na yeye."

"Ametoka kidogo, Mama. Ni kioo nilikuwa nadanganya, nikasema amekufa, lakini ni mchezo tu..."

Nduru zikakatika, nikajua simu iko kwenye spika na boma zima linanisikiliza.

"Wewe umesema kwa mdomo wako mtoto wangu amekufa? Na anatembea barabarani na pikipiki? Hiyo ni chira, laana, unaita kwa hii boma. Mimi nataka sauti ya mtoto wangu. Ukikosa kunipa, nakuja."

Nikampigia Ken. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Mteja hapatikani. Ken hazimi simu yake, simu ndiyo inayomletea abiria. Asubuhi aliondoka mapema akisema ana mtu wa kupeleka Kawangware, kama kila Jumatatu.

Hapo ndipo nilipoogopa. Sikuogopa kioo wala mama mkwe. Niliogopa mdomo wangu. Nilimwona Ken chini ya lori, nami nimesimama hapa na kilemba mkononi nikimlilia kwa mchezo huku yeye anakata roho kwa kweli. Nikaketi kwenye kiti cha wateja, machozi yakanitoka, na safari hii Nafuna hakulia. Alinishika tu bega.

"Mpigie huyo Collins," Whitney akasema. "Afute."

Collins alishika mara moja. Vijana wa aina yake hushika.

"Collins, mtu mmemzika yuko hai."

"Pole sana kwa msiba, madam."

"Hakuna msiba! Nilikuwa nadanganya kioo!"

"Kwa nini udanganye kioo?" Aliuliza kwa uchungu, nusura nimwombe radhi.

"Futa hiyo maneno."

"System haifuti, madam. Inajifunza tu. Kama mzee yuko hai, akuje asimame mbele ya Malkia akonyeze jicho. Itamtambua."

"Na wewe huwezi kuiambia yuko hai?"

"Mimi siko na hiyo mamlaka. Lakini madam, ukweli usemwe, leo saluni yako iko juu ya zote. Watu wamefungua hizo message hadi boss ameuliza ni nani huyu. Endelea hivyo hivyo."

Nilitaka kumjibu, lakini nje kulikuwa na honi. Wanaboda wa stage ya Ken walikuwa wamefika, pikipiki zimefungwa matawi ya miti, wanapiga honi kama wanavyofanya mwenzao akifa. Mwenyekiti wao, Osewe, akaingia ameinamisha kichwa.

"Pole, shemeji. Mwili iko mortuary gani?"

"Hakuna mwili, Osewe."

"Aaah!" Akashika mdomo. "Kwani iliharibika hivyo?"

"Ken hajakufa!"

Osewe akamgeukia Magdaline na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba wafiwa huanza hivyo, nipewe maji. Nikapewa maji. Nikauliza nani amemwona Ken leo. Hakuna aliyemwona tangu juzi kwenye stage. Juzi? Na jana aliniaga anaenda kazini? Sikupata nafasi ya kulifikiria hilo, kwa sababu umati ulijisogeza na kumpisha mwanamke mwenye leso begani, macho mekundu, viatu vya nyumbani miguuni.

Gathoni.

Gathoni wa Kawangware, aliyenifukuza bila neno. Ameshuka boda, amepita watu wote, akaanguka sakafuni kwangu katikati ya nywele nilizokuwa sijafagia.

"Ngai! Ngai wakwa! Kavetsa, tumebaki wapi?"

Nawaambia ukweli, moyo wangu uliyeyuka. Nilijiona mbaya. Miezi yote nilikuwa namtukana huyu mwanamke kila nikishika kitana, kumbe ni mtu wa huruma namna hii. Nikapiga magoti, nikamkumbatia, nikaanza kumbembeleza. Mjane nikawa mimi ninayefariji.

"Nyamaza, Mama. Nyamaza. Si kweli. Ni kioo."

"Hata mimi niko na hiyo kioo, Collins aliniletea," alisema kati ya kwikwi. "Ndio nimeona. Nilikuwa nakaanga viazi nikaona. Sijazima hata jiko!"

Magdaline akainama sikioni mwangu. "Huyu analia kushinda mwenyewe."

"Alikuwa anampenda Ken," nikamjibu. "Ken alikuwa akija kunichukua pale jioni, anamsaidia kubeba maji."

"Maji gani?" Magdaline akauliza.

Kuna wanawake wanaoelewa haraka. Mimi si mmoja wao.

Gathoni akajipangusa kwa leso yake. "Asubuhi alikuwa mzima kabisa. Amekunywa chai, amekula chapati mbili, ameniambia anaenda kuweka mafuta na kupeleka simu kwa fundi, ati imekataa kuwaka. Nikamwambia vaa jaketi kuna baridi. Hiyo ndio maneno ya mwisho nilimwambia. Vaa jaketi."

Osewe akaanza kuyasoma maandishi ya chupa ya shampuu kwa makini.

"Amekunywa chai wapi?" nikauliza.

Gathoni akanitazama. Nadhani ndipo alipoona kwamba sikuwa nikijua. Mkono wake ulikuwa bado umeshika wangu na hakuna aliyeuachilia.

"Nionyeshe simu," nikasema.

Akanipa bila kubishana. Kulikuwa na maua pembeni, yale yale.

*Pole kwa kumpoteza Ken Wangu. Mpe Ken Wangu safari ya heshima.*

Nikatoa yangu. Nikaziweka mbili sakafuni, moja kando ya nyingine, kati ya nywele za watu. Ken Wangu. Ken Wangu. Hata herufi kubwa tuliweka mahali pamoja.

"Aliniambia mliachana," Gathoni akasema polepole. "Ati mnakaa tu plot moja kwa sababu ya watu."

"Ndiyo maana ulinifukuza?"

"Ningekaa na wewe aje, Kavetsa? Kila jioni anakuja, sijui amekuja kuchukua nani."

Nikainua macho nikamtazama Malkia. Alikuwa ametulia, taa yake ndogo inawaka. Wale washauri wa ndoa hawakuwa wamekosea mtu. Malkia alijua simu mbili zinakaa na mume mmoja kwa zamu. Alijua Jumatatu ya Kawangware. Alinijua mimi kuliko nilivyojijua, na badala ya kuniambia akaniuzia washauri. Nilimlinda kila mwanamke wa Kianda asitobolewe siri, na iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa imeketi kwangu, ikila kwangu, ikiniuliza kama kuna ugali umebaki. Iliniuma. Sitasema zaidi ya hapo, iliniuma.

Ndipo nikasikia honi.

Honi ya Ken haifanani na nyingine, inalia kama mtoto mchanga, na abiria wa kutoka hapa hadi Kambi Muru wanaijua. Nje, mwanaboda mmoja akapiga kelele, "Ni roho!" akaangusha tawi. Wengine wakaanza kucheka, mmoja akaanza kuomba.

Moyo wangu ulifanya mambo mawili. Kwanza uliruka kwa furaha, nakiri hilo mbele yenu, kwa sababu alikuwa hai na sikuwa nimemuua kwa mdomo wangu. Kisha ukarudi chini na kukaa pale.

Mkono wa Gathoni ukanibana. Nikaubana wake.

Umati ukampisha. Ken akaingia akiwa ameshika helmeti, jaketi amevaa, simu iliyotengenezwa inalia mfululizo mfukoni kwa sababu dunia nzima ilikuwa ikimtumia pole za kufa kwake. Akaona matawi. Akaona Osewe na shampuu. Kisha akatazama chini, akatuona wanawake wawili tumepiga magoti, tumeshikana mikono, nyuso zimelowa, na simu mbili zimelala mbele yetu.

Kila mtu akangoja. Malkia pia.

"Babe," Ken akasema, na macho yake hayakuwa yameamua yanamwangalia nani. "Kwani ni nani amekufa?"

"Ni wewe," tukajibu, sote wawili kwa pamoja.

Na nyuma yake nikamsikia Magdaline akizungusha ufunguo.